Kicheko Kinachofunga Midomo ya Watoto Wetu

Kiingereza si mgeni wa jana katika Katanga. Mhubiri Frederick Stanley Arnot, Mskochi, alipofika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, mahali penye Lubumbashi ya leo hapakuwa na mji. Nao mji ulipoanza kujengwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, njia ya reli iliyoufikia haikutoka Matadi. Ilitoka kusini, katika nchi zilizokuwa mikononi mwa Waingereza, ikaleta mafundi, wasimamizi na wafanya biashara wenye kusema Kiingereza. Lugha hiyo ilisikika sana katika karakana na madukani, hata wakubwa wa serikali ya Kibelgiji wakaingiwa na hofu kwamba Katanga itawaponyoka.

Tangu hapo miaka zaidi ya mia imepita, na Kiingereza bado kiko mlangoni. Atokaye Lubumbashi asubuhi kwa gari hufika Kasumbalesa kabla ya adhuhuri, maana ni kilomita 90 hivi; akivuka mpaka amekwisha kuingia Zambia, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya serikali. Nchi yetu imo katika jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iitwayo SADC, tangu mwaka 1997, na mwaka 2022 ikaingia pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mitambo ya migodini huja na vitabu vyake vya Kiingereza. Kwa hiyo hatuwashangai wazazi wanaotujia mara kwa mara na swali lile lile: “Mwalimu, mtoto wangu amefundishwa Kiingereza miaka mingi, daftari zake zimejaa, na alama zake si mbaya. Mbona hasemi?”

Swali hili ni la haki. Tena jibu lake, kwa kadiri tulivyoona, halipatikani katika kitabu cha sarufi.

Twamjua kijana mmoja wa hapa mjini ambaye jina lake hatulitaji. Alimaliza masomo ya sekondari, akapata diploma yake ya Serikali bila kusuasua. Nyakati za vitenzi vya Kiingereza alizijua zote. Wenzake walikuwa wakimwendea ili awaeleze. Siku moja aliitwa na kampuni fulani kwa mahojiano ya kazi. Mabwana watatu walikaa mezani. Mmoja wao akamwambia kwa Kiingereza ataje jina lake, aeleze amesomea nini, na kwa nini anaitaka kazi ile. Maswali haya hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyajibu. Kijana wetu alitaja jina lake, akanyamaza. Wakamngoja. Akaanza tena, akakwama katika neno la pili, akaomba ruhusa ya kusema Kifaransa, nao wakamshukuru na kumwambia aende. Jioni ile alitujia akasema: “Maneno yote yalikuwamo kichwani, Mwalimu. Lakini niliwaona wakinitazama.”

Hakusema, “Nalisahau.” Hakusema, “Swali lilikuwa gumu.” Alisema kwamba aliwaona wakimtazama. Palepale akajiona kwa macho yao, yaani kwa macho aliyoyadhani kuwa yao, na sura aliyoiona ilikuwa ya mtoto wa mtaani aliyejitia katika mambo ya wakubwa. Sura hiyo ndiyo iliyomfunga kinywa.

Sasa mtazameni mama mmoja mchuuzi wa Kasumbalesa. Wako wengi kama yeye. Shule aliiacha mapema sana, na kitabu cha Kiingereza hajakishika. Huvuka mpaka kila juma kutafuta unga, mafuta na sabuni. Pale anachanganya Kibemba, Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, anahesabu kwa Kiingereza, anakataa bei kwa Kiingereza, na dereva wa lori akimdanganya humwambia hivyo kwa Kiingereza bila kutafuta maneno. Vitenzi vyake vyote viko katika wakati mmoja. Nani amjali? Akirudi jioni mzigo uko kichwani na fedha ziko katika kitambaa.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba ujinga ni bora kuliko shule. Mama huyu hawezi kusoma mkataba wala kuandika barua, naye mwenyewe huuza mchana kutwa ili watoto wake wapate kusoma alichokikosa. Twasema tu kwamba ana kitu kimoja ambacho kijana yule hana: pale mpakani hakuna anayempa alama. Kosa lake halimshushi cheo, kwa maana hakwenda pale kuonyesha kwamba ni mtu mwenye elimu. Alikwenda kununua unga.

Wataalamu wa elimu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1986 huko Texas, Marekani, Bibi Elaine Horwitz pamoja na wenzake wawili walitoa orodha ya maneno 33 ambayo mwanafunzi huulizwa kama anayakubali au la, ili kupima hofu yake katika darasa la lugha ya kigeni. Walionyesha kwamba hofu hii si sawa na hofu nyingine za shuleni. Sababu yake yafaa tuifikiri vizuri. Mtu akikosea hesabu, hesabu yake ndiyo mbaya, naye mwenyewe hubaki mtu mzima mwenye akili zake. Lakini anaposema lugha asiyoimudu, yeye mwenyewe hupungua mbele ya watu. Kwa lugha yake ni mcheshi, ana hoja, anaheshimiwa. Kwa lugha ya kigeni anasema kama mtoto wa miaka mitatu. Wenye kumsikia wanamwona mtu ambaye siye. Ni nani asiyeogopa hayo? Na kijana wa miaka 15, ambaye bado anajitafuta yeye ni nani, huyaogopa mara mbili.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1972 Bwana Alexander Guiora na wenzake, huko Marekani pia, waliwapa wanafunzi pombe kiasi kidogo, kisha wakawapima namna wanavyotamka maneno ya Kithai, lugha wasiyoijua. Walionywa kiasi kile kidogo walitamka vizuri zaidi, kana kwamba ule mlinzi wa moyoni, yule anayetuambia “utachekwa”, amesinzia kidogo. Kiasi kikizidi, faida ikapotea. (Tunawaomba vijana wasomaji wasiikate sehemu hii ya gazeti na kuipeleka baa, wakidai kwamba mwalimu ameruhusu chupa ya Simba kabla ya somo. Jambo la kushika ni habari za yule mlinzi, si habari za chupa.)

Basi mlinzi huyo hutoka wapi? Hapa ndipo twapenda kukaa kidogo, maana wengi wanadhani hofu ya Kiingereza huanzia katika darasa la Kiingereza. Sisi twaona kwamba huanzia nyumbani, tena miaka mingi kabla mtoto hajasikia neno moja la Kiingereza. Huanza na Kiswahili chake mwenyewe.

Mtoto wa Lubumbashi hukua katika Kiswahili cha Lubumbashi. Kwa lugha hiyo analia, anacheza, anaomba chakula. Anapoingia shule, na hata kanisani, anaambiwa kwamba kile si Kiswahili. Kiswahili bora ni kingine, cha vitabu, cha Tanzania, cha pwani. Akikutana na mgeni kutoka Bukavu au Dar es Salaam, huchekwa kabla hajamaliza salamu. Twakubali kwamba yafaa mtoto ajifunze Kiswahili sanifu. Sisi wenyewe tunakiandika hapa. Lakini kumfundisha mtoto lugha ya pili ni jambo moja, na kumwambia kwamba kinywa cha mama yake ni kibovu ni jambo jingine.

Nao walioichunguza lugha yetu hawakucheka. Bwana Johannes Fabian, aliyefundisha katika Chuo Kikuu hapa mjini katika miaka ya 1970, aliandika vitabu juu ya Kiswahili cha Katanga. Bwana Walter Schicho wa Vienna alitoa mwaka 1982 kitabu kizima juu ya namna sentensi za Kiswahili cha Lubumbashi zinavyojengwa, kwa maana zina ujenzi wake na kanuni zake. Tena kuna habari ya André Yav. Mwaka 1965 mtu huyu, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya mji wa Élisabethville kwa Kiswahili hiki hiki cha kwetu, jinsi kinavyosemwa, bila kukipamba. Maandishi yale yamechapishwa na kufasiriwa, na leo yanasomwa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Ni watoto wangapi wa Kenya au wa Katuba, mitaa ya mji wetu, wamepata kuambiwa habari hii?

Baada ya Kiswahili huja Kifaransa. Wazee wetu wanakumbuka desturi ya shule nyingi: mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya nyumbani alivikwa kitu shingoni, kipande cha ubao au mfupa, naye alikaa nacho mpaka amkamate mwenziwe katika kosa hilo hilo. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong’o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi mambo kama hayo yalivyofanyika Kenya, nchi ya Kenya, kwa ajili ya Kiingereza. Ubao umekwisha kuondolewa shingoni pengi, lakini wako wazazi wanaouvika watoto wao bila ubao. Hukataza Kiswahili mezani ili mtoto ajue Kifaransa. Akikosea jinsia ya neno la Kifaransa, wanacheka mbele ya wageni. Baba huita jina la mtaa wa mashambani, akasema: “Unasema kama mtu wa huko.” Mtoto anacheka pamoja nao, maana hana la kufanya. Lakini ndani anajifunza somo moja ambalo halisahau: kusema ni hatari, mwenye kunyamaza yuko salama.

Mtoto huyo ndiye anayeletwa kwetu aanze Kiingereza. Amekwisha kuchekwa katika lugha mbili, nasi tunastaajabu kwamba haharakishi kuchekwa katika ya tatu.

Tukisema juu ya wazazi, haki yataka tuseme na juu yetu walimu. Madarasa yetu ni makubwa. Wanafunzi 50 na zaidi katika chumba kimoja si ajabu. Mwalimu anauliza, watatu wa mbele wanajibu, somo linaendelea, na walio nyuma wanakaa mwaka mzima bila kutoa sauti. Mtihani wa Serikali, uliowekwa mwaka 1967, hauwasukumi watoe sauti, kwa maana Kiingereza hupimwa humo kwa kuchagua jibu moja katika majibu yaliyoandikwa. Mtu anaweza kufaulu Kiingereza bila kufungua kinywa hata mara moja. Tena wapo walimu wenye desturi ya kukatiza. Mwanafunzi anasema neno la kwanza, mwalimu anarekebisha. Neno la pili, anarekebisha. La tatu halitoki. Mwalimu hakukusudia ubaya. Alitaka usafi wa lugha. Lakini kisima kikichujwa kabla hakijatoa maji, nani atakunywa?

Kuna na ubaya uliojificha zaidi. Mwaka 1968 Bwana Robert Rosenthal na Bibi Lenore Jacobson walitoa kitabu juu ya jaribio walilolifanya katika shule moja ya California. Waliwatajia walimu majina ya watoto fulani, wakasema kwamba kipimo kimeonyesha kuwa watoto hawa wataendelea sana mwaka ule. Kwa kweli majina yalikuwa yamechaguliwa kwa bahati tu. Mwisho wa mwaka, hasa katika madarasa ya chini, watoto wale walionekana wameendelea kupita wenzao. Wako wataalamu waliobisha hesabu za jaribio lile, na ubishi haukwisha upesi. Lakini mwalimu yeyote aliyekaa miaka michache darasani ajua kwamba yule tunayemtazamia mema tunamngoja ajibu, na yule tuliyemkatia tamaa tunampita haraka. Mtoto huona. Huona mapema kuliko tunavyodhani, kisha huwa yule tuliyemdhania kuwa.

Wasichana huumia zaidi. Hatusemi kwamba akili zao ni haba. Katika kuandika mara nyingi huwashinda wavulana. Lakini msichana wa miaka 14 akisimama na kutamka neno vibaya, mvulana mmoja anamwiga kwa sauti nyembamba, darasa zima linavunjika mbavu, na jina la utani linamfuata mpaka nyumbani. Tulikuwa na mmoja wa namna hiyo. Alikuwa akipenda Kiingereza, akiandika barua za kubuni kwa rafiki wa Ndola asiyekuwapo. Baada ya kuigwa mara mbili hakusimama tena. Alisema anaumwa koo. Koo lile liliuma miezi mitano. Wahenga walisema, mcheka kilema hafi bila kumfika, lakini wakati wa kumfika ni wa mbele, na madhara yalikuwa ya leo.

Sisi tuliosomea seminari tulisimuliwa mara nyingi habari za Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars. Alizaliwa mwaka 1786, mtoto wa mkulima, akaanza masomo akiwa mkubwa. Katika seminari ya Lyon masomo yalitolewa kwa Kilatini, naye Kilatini kilimshinda. Mwaka 1813 akarudishwa. Mwalimu wake, Padre Balley wa Écully, hakusema kwamba mtu huyu ni mjinga. Alimfundisha mambo yale yale ya Mungu kwa Kifaransa, lugha ya kinywa chake. Naye alipoulizwa tena kwa utulivu katika nyumba ya paroko, mbali na kile kikao kilichomtisha, alijibu vema. Mwaka 1815 akapewa upadre, na mwaka 1925 Kanisa likamtangaza kuwa mtakatifu. Twaisimulia habari hii kwa kuonyesha bidii ya mtakatifu, na ni sawa. Lakini mara nyingi twamsahau Padre Balley. Kama angaliamini ile karatasi ya Lyon, tungalikosa mapadre wetu msimamizi wao wa mbinguni.

Na Petro? Usiku ule katika ua wa kuhani mkuu, alitambuliwa kwa matamshi yake kuwa mtu wa Galilaya. Akaogopa, akaapa kwamba hamjui Bwana wake. Siku ya Pentekoste alisimama mbele ya watu wa mataifa mengi, nao wakashangaa kwamba wenye kusema ni Wagalilaya. Lafudhi ya Galilaya ilikuwa bado kinywani mwake. Roho hakuiondoa, aliondoa woga.

Twasema juu ya lafudhi kwa sababu vijana wetu wanaihangaikia mno. Wengine, ili wasichekwe, wanajitia kusema kwa pua kama watu wa sinema za Kimarekani, na hakuna anayewaelewa, hata Wamarekani. Joseph Conrad alikuwa Mpolandi. Kiingereza alijifunza akiwa mtu mzima, baharini, na mwaka 1890 alikuja Kongo yetu na kupanda mto mpaka Kisangani ya leo. Alipokufa mwaka 1924 alihesabiwa katika waandishi wakubwa wa Kiingereza, naye mpaka mwisho alikisema kwa lafudhi nzito ya Kipolandi.

Lakini kwa nini twende mbali hivyo? Likasi ni hapo jirani. Mwaka 1941, mji huo ulipoitwa Jadotville, alizaliwa huko Valentin-Yves Mudimbe. Alilelewa na Wabenedikto, akakaa kwa muda katika utawa, akasoma Lovanium na kisha Ubelgiji, akafundisha katika Chuo Kikuu hapa Lubumbashi katika miaka ya 1970. Kwa Kifaransa alikuwa amekwisha kuwa mtu wa jina: mashairi, hadithi, vitabu vya fikira. Kisha, akiwa karibu na miaka 40, aliiacha nchi akahamia Marekani. Katika umri ule mtu mwenye jina hupenda kulilinda. Huchagua kukaa kimya katika lugha mpya kuliko kusikika mdogo. Mudimbe aliingia katika Kiingereza, akafundisha kwa Kiingereza, na mwaka 1988 akatoa kwa lugha hiyo kitabu chake juu ya namna Afrika ilivyobuniwa katika mawazo ya watu wa nje. Kitabu hicho hakuna mwenye kusoma mambo ya Afrika katika vyuo vikuu anayeweza kukipita bila kukitazama. Alifariki mwaka 2025. Tazameni jambo ambalo kitabu chake kinashughulika nalo: sura ambayo wengine walituchorea, nasi tukaikubali kuwa yetu. Kijana yule aliyewaona mabwana watatu wakimtazama angalielewa.

Sasa wazazi watauliza: Tufanye nini? Tumsifu mtoto tu, hata akisema ovyo? La hasha. Sifa za uongo mtoto huzijua, nazo humdhuru. Na kujiamini pasipo kujifunza ni kelele. Tunao mjini vijana wenye maneno matatu ya Kiingereza ambao hawaachi kuyarudia, na maneno yao hayajawahi kuwa manne. Bwana Albert Bandura, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alieleza tangu mwaka 1977 kwamba mtu huamini kuwa aweza jambo hasa kwa sababu amekwisha kulifanya, hata kama ni dogo. Kwa hiyo mpe mtoto jambo dogo analoliweza kweli. Aseme bei ya vitu vitano. Aeleze njia kutoka nyumbani mpaka parokiani. Amfundishe mdogo wake kuhesabu. Hili la mwisho ni jema kupita yote, kwa maana anayefundisha hukoma kujitazama.

Akisema, mwacheni amalize. Kosa litamngoja; halikimbii. Akimaliza, mwambieni moja tu la kusahihisha, si yote saba. Kama ninyi wenyewe hamjui Kiingereza, msijione hamna msaada: ketini, msikilize, ulizeni maana yake kwa Kiswahili chenu, cha hapa, mfurahi mkielewa. Mtoto anayemfasiria mama yake ana sababu ya kusema. Na wageni wakija, asiitwe katikati ya sebule kuonyesha Kiingereza chake kama tumbili wa sarakasi.

Katika darasa letu tuliweka sheria kwamba kabla mtu hajasema mbele ya wote, huzungumza kwanza na mwenzake mmoja, kwa sauti ya chini, dakika chache. Chumba kinakuwa kama mzinga wa nyuki, na jirani zetu walimu wamelalamika. Lakini katika ile kelele yule wa nyuma amesema, na hakuna aliyemsikia akikosea ila mmoja ambaye naye alikosea.

Mwaka uliopita tulifanya jambo jingine. Mama wa mwanafunzi mmoja ni mchuuzi wa Kasumbalesa. Tulimwomba aje darasani asubuhi moja. Alikataa, alisema yeye hakusoma, watoto watamcheka. Mwanawe naye aliona haya, akatusihi tumwache. Tulimwambia: “Mama, twakuomba utufundishe kununua.” Mwishowe alikuja, amevaa kitenge chake cha Jumapili, na mfuko wa unga begani. Akauweka mezani, akataja bei kwa Kiingereza, akawangoja wamjibu.

Walicheka, ni kweli. Yeye akacheka zaidi yao, akapandisha bei. Mmoja wa mbele akajaribu kuishusha kwa sentensi nzuri ya kitabuni, na mama akamwambia kwamba kwa maneno marefu hivyo lori litakuwa limekwisha kwenda. Basi wakaanza kufupisha. Wakaanza kubishana. Kengele ililia, hawakuisikia. Yule wa koo aliinuka, akasema bei yake, akakosea neno, akalisema tena, na mama akatikisa kichwa kukataa, kwa sababu bei ilikuwa ndogo mno. Msichana akaongeza franga mia mbili.